Jahazi Lisilo na Msumari: Darsa ya Kuhakiki Khabari



Ndugu zangu wanafunzi, katika darsa zetu za jioni kuna sentensi moja ambayo haikosi mtu wa kuisema: Waislamu walifika China karne nyingi kabla Wazungu hawajaijua njia ya bahari. Anayeisema huisema kwa kujiamini, na wasikilizaji huitikia kwa takbira. Sina ugomvi na sentensi hiyo, na naona ina ukweli mwingi ndani yake. Ugomvi wangu ni na takbira inayokuja kabla ya swali. Walifika kwa chombo gani? Kilijengwa kwa mti wa wapi, kwa mikono ya nani? Aliyetupa khabari hizo alizipata wapi? Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Allah (s.w.) ametuamrisha tuichunguze khabari iletwayo na fasiki kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wanavyuoni wa Hadithi walisimamisha elimu nzima juu ya msingi huo. Basi iweje khabari za historia tuzimeze bila kutafuna?

Darsa ya leo ni juu ya jahazi. Nitawapeleka kulitembelea, kisha tuone linajibu nini na linanyamaza wapi.

Jahazi katikati ya barabara

Huko Oman, karibu na hoteli ya Al Bustan Palace mjini Muscat, upo mzunguko wa barabara, na katikati yake limeketi jahazi zima la mbao. Si sanamu. Ni chombo kilichoelea, kikapigwa na mawimbi, kikafika China. Jina lake ni Sohar, kwa jina la mji wa kale wa bandari ambao wengi husema ndiko alikotoka Sindbad wa hadithi. Lilijengwa mwaka 1980 katika mji wa Sur kwa kufuata namna ya majahazi ya zama za Bani Abbas. Ni nakala, yaani chombo kipya kilichojengwa kwa ufundi wa zamani ili watu wajue vyombo vya zamani vilikuwaje na viliweza nini. Urefu wake ni karibu mita 26.

Mwenye wazo hilo alikuwa Mwingereza, Tim Severin. Miaka michache kabla yake, 1976 na 1977, alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki kwa mashua ya ngozi, apate kuona kama mtawa mmoja wa Ireland aliyesimuliwa katika visa vya kale angeweza kufika Amerika kwa chombo cha namna hiyo. Gharama za Sohar zilibebwa na Oman chini ya Sultan Qaboos bin Said. Nayataja haya mapema kwa sababu wapo ndugu wanaojisikia vibaya wakisikia kwamba swali la jahazi letu liliulizwa na mgeni. Mimi sioni ubaya. Ubaya ungekuwa lisingeulizwa kabisa.

Tarehe 23 Novemba 1980 jahazi lilitweka tanga kutoka Muscat, msimu wa kaskazi ukianza. Lilipita visiwa vya Lakshadweep, pwani ya Malabar huko India, Sri Lanka, Sumatra na Singapore, na mwezi Julai 1981 likatia nanga Guangzhou, mji ambao vitabu vya Waarabu wa zamani viliuita Khanfu. Safari yote ilikuwa karibu kilomita 9,600.

Nilipata kuliona mara moja tu, nilipopita Muscat. Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Bujumbura, akarudi kwao na wazazi wake miaka ya 1970, na Kiswahili chake bado ni kile cha Buyenzi. Akaniona nalizunguka jahazi, nainama, nachungulia ubavuni.

"Mwanangu, usitafute msumari," akaniambia, "utachoka."

Ni kweli. Mbao za Sohar zimeshonwa kwa kamba, kama mtu anavyoshona ukili kuwa mkeka. Kamba zilizotumika zikinyooshwa zinazidi kilomita 600. Na si kamba za dukani, ni za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaijua kazi hiyo: makumbi hufukiwa ufukweni miezi kadhaa mpaka yalainike, yakafukuliwa, yakapondwa, kisha nyuzi zikasokotwa kwa viganja. Kazi ya kina mama, kwa sehemu kubwa. Kila tunaposema "mabaharia wetu" tungeongeza na wasokotaji.

Ushonaji wenyewe una utaratibu wake. Mkuku hulazwa kwanza. Ubao wa kwanza huchongwa kwa tezo mpaka ukae barabara pembeni mwa mkuku, kisha wa pili juu ya wa kwanza, ukingo kwa ukingo, pasipo kupandana. Matundu hutobolewa kwa keekee, mawili mawili, kando ya kila ukingo. Juu ya maungio hulazwa tita la nyuzi za makumbi ili lijae maji na kuziba nafasi. Halafu mafundi wawili, mmoja ndani na mmoja nje, hupitishiana kamba na kuivuta kwa nguvu zote, na kila tundu hugongewa kijiti kisiiache kamba ilegee. Mataruma, zile mbavu za jahazi, huingizwa baadaye, mwili ukiwa tayari umeshasimama. Fundi wa leo wa pwani ambaye huanza na mataruma kisha akagongomea mbao kwa misumari angeona mambo yamegeuzwa. Kumbe aliyegeuza ni yeye, au tuseme walimu wa walimu wake.

Isnadi ya mikono

Hapa ndipo pana jambo ambalo kwangu ni zito kuliko urefu wa jahazi na safari yake.

Walipotaka kujenga Sohar hapakuwa na uhaba wa khabari. Vitabu vilikuwepo, na wasafiri wa Kiislamu waliandika wazi kwamba majahazi ya bahari ya Hindi yalishonwa. Lakini kitabu hakikuambii kamba ivutwe mpaka ilie vipi ndipo useme yatosha. Hakikuambii tundu liwe mbali kiasi gani na ukingo ili ubao usipasuke. Elimu hiyo hupokewa mkono kwa mkono, nayo ina isnadi kama Hadithi ilivyo na isnadi: fulani alimwona fulani akifanya, naye alimwona baba yake. Sur ilikuwa na mafundi wa majahazi, tena mafundi kwelikweli, lakini wa misumari. Washonaji wa jahazi kubwa hawakupatikana, ikabidi waletwe kutoka Lakshadweep, visiwa vidogo vya India ambavyo takriban watu wake wote ni Waislamu na ambako ushonaji wa vyombo ulikuwa bado haujafa. Mbao nazo zilitoka Malabar.

Mtu anaweza kusema: basi hilo si jahazi la Oman, ni jahazi la India. Abu Zayd wa Siraf, aliyeandika katika karne ya 4 Hijria, anatupa jibu. Anaeleza kwamba watu wa Oman walikuwa wakienda na vyombo vyao vya useremala mpaka kwenye visiwa vya minazi. Huko walikata minazi, wakaiacha ikauka, wakapasua mbao, wakasokota kamba kwa makumbi, wakashona, wakasimamisha mlingoti wa mnazi, wakasuka tanga la makuti, kisha wakajaza jahazi nazi na kurudi kuziuza Oman. Mti mmoja ulitoa chombo, kamba, tanga na shehena. Jahazi la Oman tangu zamani lilikuwa la watu wengi na pwani nyingi, na waliojenga Sohar kwa mti wa Malabar na mikono ya Lakshadweep hawakuivunja desturi hiyo.

Khabari nne, sababu tatu

Sasa tuwe wanafunzi wa kweli tuulize: kwa nini kushona? Chuma kilijulikana. Misumari ilikuwepo. Mbona bahari ya Rum watu waligongomea na bahari ya Hindi wakashona?

Al-Mas'udi, ambaye mwaka 304 Hijria alisafiri kati ya Oman na Qanbalu (kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanakielekeza Pemba), anasema sababu ni maji: bahari ya Hindi hula chuma, misumari ikadhoofu. Ibn Jubayr, aliyevuka kutoka Aydhab kwenda Jeddah mwaka 1183 akielekea Hijja, anaeleza kwamba majahazi yale hushonwa kwa kamba za makumbi kisha hupakwa mafuta, na bora ya mafuta hayo ni ya papa, ili mbao zilainike na kuhimili miamba. Ibn Battuta, karne ya 14, anasema vilevile juu ya miamba: chombo cha misumari kikigonga huvunjika, cha kushonwa hulegea kikasalimika. Na wapo waliosimulia kwamba chini ya bahari ile kuna mlima wa sumaku unaochomoa misumari.

Wa nne kwa khabari ni Marco Polo, ambaye si wa dini yetu wala hakuwa na sababu ya kutusifu. Yeye aliyaona majahazi ya kushonwa huko Hormuz akayaita vyombo vibaya, vingi vikipotea baharini.

Ziwekeni khabari hizi pamoja kama anavyoziweka muhaddithi. Sumaku tunaiacha. Ni ya wasimuliaji, na haina aliyeuona mlima huo. Kauli ya Al-Mas'udi ina mashaka, ingawa yeye mwenyewe ni mwaminifu na alisafiri: chuma kweli huliwa na chumvi, lakini vyombo vya misumari vimetembea bahari hiyohiyo kwa karne nyingi baadaye bila kuyeyuka. Ibn Jubayr na Ibn Battuta wanaafikiana, na wote wawili walivipanda vyombo vya bahari zile. Marco Polo hapingani nao sana. Anatupa upande ambao sisi hatupendi kuusikia.

Nakala ya jahazi ndiyo inayotusaidia kupima. Sohar lilivuka bahari wazi, likadumu zaidi ya miezi saba, na mishono ikashika. Kwa hiyo anayesema vyombo vya kushonwa vilikuwa vya kuambaa pwani tu amejibiwa. Lakini tusijibu zaidi ya swali. Kufika kwa Sohar kunathibitisha kwamba safari iliwezekana. Hakuthibitishi kwamba kila safari ilifaulu, wala kwamba Marco Polo alisema uongo.

Tena msisahau malalamiko mengine ya Ibn Jubayr. Anasema wenye majahazi wa Aydhab waliwajaza mahujaji kama kuku katika matenga, wakiwa na msemo wao kwamba kazi yao ni kuleta chombo tu, roho ni juu ya hujaji mwenyewe. Waislamu waliwafanyia hivyo Waislamu wenzao, katika safari ya ibada. Sisi wa nchi za maziwa, ambao wazazi wetu hawajaisahau MV Bukoba ya Mei 1996, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya chombo kuzidishwa watu.

Neno moja katika Surat Al-Qamar

Kuna faida nyingine ya kusimama mbele ya jahazi lisilo na msumari, nayo ni ya tafsiri. Katika Surat Al-Qamar, aya ya 13, Allah (s.w.) anaitaja safina ya Nabii Nuh (a.s.) kwa vitu viwili vilivyoiunda: mbao na dusur. Ni nini dusur? Wengi katika Mufassirina wamesema ni misumari, na kauli hiyo imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.). Lakini zipo kauli nyingine, na mojawapo, iliyonukuliwa kwa mwanalugha Al-Layth, ni kwamba disari ni uzi wa nyuzi za mti unaofungia mbao za jahazi. Hata katika tarjuma za Kiswahili utaikuta tofauti hiyo: wengine wameandika misumari, wengine kamba.

Mwanafunzi wa bara ambaye hajaona chombo cha kushonwa huisoma kauli ya pili akaidhani ni ya kubahatisha. Safina ifungwe kwa kamba? Ikifika mvua si itafumuka? Basi Sohar linamwonyesha kwamba aliyesema "kamba" alikuwa akisema jambo la kawaida katika zama zake, jambo ambalo angeweza kuliona akitembea ufukweni Basra au Siraf. Sisemi safina ya Nuh (a.s.) ilishonwa. Hilo ni katika ghaibu, na kauli ya walio wengi ina uzito wake. Ninasema tusiidharau kauli ya mwanachuoni kwa sababu tu hatujaona alichokiona.

Na aya za Surat Ash-Shura, 32 na 33, zinazotaja vyombo kama milima baharini na kwamba Allah akitaka huutuliza upepo vikakaa vimesimama juu ya mgongo wa bahari, zina sura nyingine ukizisoma pamoja na safari ya Sohar. Kati ya Sri Lanka na Sumatra upepo uliwakataa. Kisha ukaja vibaya, na foromali kubwa, ule mti unaobeba tanga, ikavunjika. Maji ya kunywa yakawa ya kuhesabu mpaka mvua iliponyesha wakayakinga. Watu wa injini huisoma aya hiyo kama mfano, ila baharia wa tanga aliisoma kama khabari ya leo asubuhi. Mwisho wa aya ya 33 unasema katika hayo mna ishara kwa mwenye kusubiri na kushukuru sana. Kusubiri tunakuelewa tukiwa tumesimama foleni, lakini wao walikuwa wakihesabu vikombe.

Jahazi la pili, lenye ushahidi wa chini ya bahari

Sohar lilijengwa kwa vitabu, picha za zamani na mapokeo ya mafundi, kwa sababu mwaka 1980 hakukuwa na mabaki ya jahazi la namna hiyo la kulinganisha nalo. Mwaka 1998 yakapatikana. Karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, wapiga mbizi walikuta jahazi la karne ya 9 lililozama na shehena ya vyombo vya udongo vya China vipatavyo 60,000, vingi vikiwa mabakuli. Bakuli moja lilikuwa na tarehe inayoafikiana na mwaka 826. Na mbao zake zilikuwa zimeshonwa.

Oman ikajenga nakala ya hilo nalo, huko Qantab jirani na Muscat, ikaiita Jewel of Muscat, yaani Johari ya Muscat. Ni fupi kuliko Sohar, karibu mita 18. Iliondoka tarehe 16 Februari 2010 na kufika Singapore tarehe 3 Julai, ikatolewa zawadi kwa watu wa nchi hiyo na kuwekwa katika jumba la makumbusho kisiwani Sentosa. 

Jambo moja katika hilo jahazi liliniamsha. Uchunguzi wa mbao za Belitung uliwaelekeza wataalamu kwenye mti wa Afrika, wa jamii ya afzelia, na mbao za kujengea nakala zikaagizwa Ghana. Afzelia ya upande wetu ndiyo mbambakofi, ule mti wa milango ya Unguja. Kwa hiyo jahazi lililozama likitoka China, miaka 200 hivi baada ya Hijra, huenda lilikuwa na mti wa bara letu ndani yake. Nasema huenda. Jina la mwenye chombo halijulikani, wala la nahodha, na mbao haisemi ilikatwa na Mwislamu au na asiyekuwa. Anayelitangaza kuwa ni "jahazi la Waislamu" amekwenda mbele ya ushahidi wake.

Kitu ambacho nakala haibebi

Nililipozunguka Sohar pale Muscat nilikiona kila kitu isipokuwa ngama, tumbo la jahazi, mahali pa shehena. Nakala zote ziko hivyo. Zina tanga, mishono, usukani, lakini tumboni ni tupu. Zamani halikuwa tupu. Lilibeba tende, mabakuli, pembe, misahafu, mahujaji. Na lilibeba watu waliouzwa.

Hatuwezi kulipita hili kimya, hasa sisi, ambao kutoka nchi zetu njia ilikwenda Ujiji, ikashuka mpaka Bagamoyo, ikaishia sokoni Unguja. Dini ilitufikia kwa njia hiyohiyo. Wapo wanafunzi wenzetu wasio Waislamu wanaotuuliza juu ya jambo hili, na jibu la kupandisha sauti halijamridhisha hata mmoja.

Buzurg ibn Shahriyar, nahodha wa karne ya 4 Hijria, amekusanya visa vya mabaharia, na kimojawapo ni cha mwaka 310. Jahazi la Oman lilikuwa likienda Qanbalu, upepo ukalisukuma mpaka Sofala. Mfalme wa huko, mtu wa Zanj, akawapokea kwa wema, akawaacha wafanye biashara bila kodi. Siku ya kuondoka akapanda jahazini na watu wake kuwaaga. Nahodha akahesabu akilini: huyu mfalme sokoni Oman ataleta dinari kadhaa, na hawa wenzake kadhaa. Akatweka tanga. Mfalme akauzwa. Kwa mabwana waliomnunua akajifunza Kiarabu na Qur'ani, akasilimu, akatoroka akahiji, akapita Misri, na mwisho akarudi kwao akakuta kiti chake hakijakaliwa. Watu wake wakasilimu. Miaka ikapita, na upepo ukamleta nahodha yuleyule katika bandari ileile. Mfalme akamjua. Akawasamehe, kwa kuwa wao ndio waliokuwa sababu ya yeye kuujua Uislamu. Ila safari hii alikataa katakata kupanda jahazini kuwaaga.

Visa vya Buzurg vina chumvi nyingi, na hiki sikiweki daraja moja na khabari za Ibn Jubayr. Lakini tazameni: kilisimuliwa na mabaharia wa Kiislamu, kikaandikwa na nahodha wa zama hizo, na ndani yake hakuna anayemtetea nahodha. Wenye kisa hawakuficha. Mfalme anausifu Uislamu, na msamaha wake haugeuzi wizi kuwa wema, kwani mwenyewe hakanyagi tena ubao wao. Makhatibu wengi wanaokisimulia hukatia kwenye msamaha. Nawaomba wasikatie hapo.

Mtepe

Aliyebaki Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Muscat wala Singapore kuliona jahazi la kushonwa. Pwani yetu ilikuwa nalo, likiitwa mtepe. Mabaharia wa Kiyunani wa karne ya 1 waliwataja watu wa bandari ya Rhapta wenye mashua za kushonwa, na jina lenyewe la bandari walilipa kwa sababu ya mishono hiyo. Mtepe ulikuwa na tanga la mkeka, la mraba, na omo iliyochongwa mfano wa kichwa cha ngamia. Wazee wa Lamu na Pate walisema ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume (s.a.w.). Mapokeo mazuri. Ithibati yake sijui mtu aliyeileta, na mapenzi yao kwa Mtume (s.a.w.) hayaihitaji.

Mitepe ilitoweka katika miaka ya 1930. Ukitaka kuuona mfano wake nenda makumbusho ya Lamu. Unguja nako, mwaka 2003, mafundi walijenga mtepe mzima wakauita Shungwaya, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Kati ya mtepe wa mwisho na Shungwaya kulikuwa na miaka 70 hivi. Hiyo ni umri wa mtu mmoja. Kijana aliyeona mtepe ukishonwa angeweza kuwa hai bado, mzee kibarazani, na hakuna aliyekwenda na daftari. Kwenye mialo ya Rumonge na Kigoma wapo mafundi wa mashua za mbao ambao mwendo wao wa tezo haumo katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Wana simu, wana majina, na wengi wao tunaswali nao Ijumaa.

Halaqa ya wiki ijayo itakuwa baada ya Maghrib, in shaa Allah. Kila mmoja aje na tarjuma mbili tofauti za Surat Al-Qamar, tuone zimeandika nini katika aya ya 13. Na wale ndugu wawili wa Rumonge wanaokwenda nyumbani likizo hii wamekubali kumwuliza fundi wao maswali matatu: alijifunza kwa nani, huyo naye alijifunza kwa nani, na kabla ya misumari ya dukani mbao zilifungwa kwa nini.